Hamad wa Bi Time na Mtambo wa Joto

Uingereza,
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Vyereje hali yako, Mama? Goti bado lakusumbua ukiinuka kwenye mswala? Na kile kikohozi kimekwisha, au bado unakunywa mchaichai tu na kukataa kwenda hospitali? Mwanaisha aliniambia kuwa umepungua mwili. Kula, Mama, hata kama huna hamu. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi, nala na kazini nakwenda. Kinachouma ni moyo, na ndiyo sababu nimekaa kitako nikaandika.

Kwa simu nimeshindwa. Kila nikipiga, simu ya Mwanaisha imewekwa sauti juu, ukumbi umejaa watu, na kila mmoja ataka salamu zake. Haya si maneno ya ukumbini. Barua hii nimempa ndugu mmoja wa Wete anayerudi nyumbani, na ameapa ataitia mkononi mwako. Wewe Mwanaisha, dada yangu, unayemsomea Mama, funga mlango kwanza. Soma polepole, na usiruke pahala kwa kumhurumia Mama.

Mama, yanayosemwa huko yamenifikia. Kwamba Hamad wa Bi Time amefia Ulaya, kwamba aliyekuwa akikaa naye ni mimi, na kwamba mtoto wa chama chetu kamwacha mtoto wa chama chao afe naye anamtazama. Mwanaisha alinificha, nikambana mpaka akasema. Akasema pia kuwa wako wa kwetu ambao uvumi huo hauwaudhi. Na akasema kuwa wewe hukwenda kwenye msiba.

Basi nisikilize mimi niliyekuwapo.

Nilivyotoka huko unajua, mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, tulipovuka kwenda Shimoni, upande wa Kenya, na nguo za mwilini tu. Hamad hakukimbia. Yeye alikuja kwa visa ya masomo, masomo yakamshinda, akabaki. Kila mtu na njia yake, lakini sote wawili tukaishia kwenye shamba moja la kabichi, nchi tambarare isiyo kilima wala mti wa kuzuia upepo.

Mwenye shamba hana nyumba za wafanyakazi. Ana magari makubwa yaliyojengwa nyumba ndani, yale ambayo wazungu wenye nafasi hutembea nayo wakati wa likizo: vitanda, jiko, choo, sinki, vyote ndani ya gari. Yakishachakaa yeye huyanunua, akayaegesha nyuma ya ghala na kuwaweka watu. Siku niliyofika nilionyeshwa langu, nikaambiwa ndani yumo mtu wa kwetu. Nikafurahi, Mama. Nikafungua mlango, nikamwona Hamad amesimama anakata kitunguu.

Hakusalimu. Na mimi sikusalimu. Mtoto niliyekuwa nikigombania naye kokwa za korosho, tuliosoma chuo kwa maalimu mmoja, tukatazamana kama watu waliogongana sokoni Konde. Akarudi kukata kitunguu chake. Nikatupa mkoba wangu kwenye kitanda cha juu.

Tuliishi hivyo siku nyingi. Tulitundika shuka katikati. Yeye birika lake, mimi birika langu. Tukiwa na la kuambiana tulilipitisha kwa jirani, mzee mmoja Mpolandi aitwaye Marek, anayekaa gari la pili. Nilikuwa nikimwambia Marek kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Mwambie mwenzangu afunge mlango, upepo unaingia," na Hamad yupo hapo hapo anasikia. Marek alikuwa akitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. Alidhani lugha zetu ni mbili. Watu wawili wa kijiji kimoja, tunasemeshana kwa mkalimani!

Hatukuwaambia nyumbani kuwa tunakaa pamoja. Yeye alikuwa akiwaogopa wa kwao, na mimi nikiwaogopa wa kwetu. Ndiyo maana nyote mlilisikia jambo hili siku ya kifo, likawa kama tulikuwa na siri mbaya.

Kisha ikaja baridi. Baridi ya kuno siwezi kukueleza, Mama, ukaijua. Maji uliyoyaacha kwenye kikombe unayakuta yamekuwa jiwe. Chini ya kitanda cha Hamad ulikuwamo mtambo mmoja unaotumia gesi, unaopasha joto ndani ya gari na kuchemsha maji ya kuogea. Asubuhi moja ukagoma. Unabonyeza kitufe, unausikia unalialia tk tk tk kama mtu anayejaribu kiberiti kibichi, kisha taa nyekundu inawaka na kila kitu kinanyamaza.

Siku za mwanzo kila mmoja alijifanya hasikii baridi. Nilitawadha kwa maji ya barafu mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Siku moja niko nje nafungua kisanduku cha betri, maana nilihisi betri imechoka, nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa gari:

"Salim! Njoo! Maji yatoka chini kuno!"

Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu nifike. Nikakimbia. Maji yote ya tangi yalikuwa yanamwagika chini ya gari, yanaingia matopeni.

"Bomba limepasuka," nikasema.

"Halijapasuka. Njoo utazame hapa." Alikuwa amekwishaingia ndani, amelala kifudifudi, mkono ameuingiza chini ya kitanda mpaka begani. "Pana kidude kimeruka chenyewe. Nkikirudisha chakataa."

Tukamwita Marek. Akacheka. Akatwambia kidude hicho kimewekwa makusudi: baridi ikizidi, chajifungua chenyewe kumwaga maji yasije yakaganda ndani na kupasua mtambo. Kisipopata joto hakikubali kurudi. Basi Hamad akachovya kitambaa kwenye maji ya moto ya birika, akakizungushia kidude, tukawa tunapokezana kukishika, mmoja akiungua mwenzake anashika. Hapo kwenye kushikilia kitambaa ndipo tulipozungumza.

"Mamaako bado atwanga mwenyewe?" akaniuliza.

"Bado. Wa kumkataza nani?"

"Na mamaangu vivyo hivyo. Zamani walikuwa wakitwanga pamoja, kinu kimoja, mchi huku mchi huku. Mie nlikuwa nkilala kwa ule mdundo."

Nikapokea kitambaa. Nilikuwa nakumbuka na mimi.

Kidude kikarudi, maji yakakaa, lakini mtambo ukaendelea kugoma. Tukabadilisha fyuzi. Tukaitia betri chaji kwa mashine ya Marek. Taa nyekundu ile ile. Hamad akasema gesi imekwisha, nikautikisa mtungi, mzito. Jiko lilikuwa linawaka, lakini ulimi wa moto mdogo, kama wa taa iliyopunguzwa utambi. Tena Marek ndiye aliyetufumbua macho. Akagonga mtungi, akatazama rangi yake, akatwambia gesi hii ni ya wakati wa jua, kwenye baridi hulala ndani ya mtungi haitaki kutoka. Iko gesi nyingine ya mtungi mwekundu isiyojali baridi. Tukautafuta, tukaufunga, Hamad akabonyeza kitufe.

Tk tk tk. Kisha, huuu. Ukawaka.

Mama, tulishikana mikono. Hamad akapiga takbira mpaka Marek akachungulia dirishani. Tukaoga maji ya moto, yeye kwanza, kisha mimi. Na shuka ile ya katikati, Hamad akaitungua, akajifuta nayo miguu. Jioni ile akapika wali wa nazi ya kopo na samaki wa chumvi aliyempata kwa Wahindi mjini, tukala sahani moja. Akanambia, "Tukiwaambia watu wa kwetu kuwa leo tumekula sahani moja, pana ntu atafukuzwa barazani." Tukacheka, lakini si sana.

Baada ya hapo tulikuwa ndugu. Sitakuongopea kuwa mambo ya siasa tuliyamaliza. Tulibishana, na siku nyingine tulinuna. Lakini tulinuna kwa Kipemba, na asubuhi mmoja wetu anamkorogea mwenzake chai.

Sasa ndio nafika penye uzito.

Tukaanza kuamka na vichwa vizito. Hamad asubuhi moja akatapika. Tukadhani ni wale samaki. Siku ya pili na mimi miguu ikawa haina nguvu, na nikitoka nje naona nafuu. Hamad akaniambia, "Huu si ugonjwa wa tumbo. Ugonjwa gani ukitoka nje wapona?" Akainua godoro. Bomba la kutoa moshi wa mtambo, linalopita chini ya kitanda kwenda nje, lilikuwa na masizi meusi kwenye maungio. Moshi ulikuwa unavuja ndani, na moshi wa gesi ile hauna harufu wala rangi, Mama. Hauonekani, haunuki, hauwashi macho.

Tukauzima pale pale. Tukaenda sote wawili kwa mwenye shamba, tukamweleza, Hamad ndiye aliyesema maana Kiingereza chake kizuri. Hakubisha. Akamleta fundi wake anayetengeneza matrekta. Akainama, akalizungushia bomba tepu ya rangi ya fedha, akauwasha mtambo, akapasha mikono yake kwenye joto. Akasema sasa salama. Tukamuuliza mara mbili. Akasema salama.

Tulikuwa na hofu, kwa hiyo tukawa tunauwasha kidogo tu, na dirisha tunaliacha wazi. Siku zikapita, vichwa haviumi. Tukaamini.

Kisha Hamad akapata homa. Ya kawaida, ya mafua, kila mtu shambani alikuwa nayo. Asubuhi nilipoamka kwenda kazini alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Nikamfunika blanketi lake na langu. Nikampikia uji, akanywa vijiko viwili. Nikamwambia nibaki, akakataa, akasema wakikosekana wawili tutaambiwa tuhame sote. Nikavaa mabuti. Nipo mlangoni, akaniita.

"Salim. Niwashie."

Nikarudi, nikabonyeza kitufe. Mimi, Mama. Kidole changu. Mtambo ukalia, ukawaka. Nikafungua dirisha la kichwani kwake, nikamwekea maji karibu.

"Dirisha usilifunge," nikamwambia.

"Sifungi. Nenda, utachelewa. Nkipata nafuu leo nampigia mama, namwambia niko na wewe. Nimechoka kuficha."

Nikamwambia, "Nami nitampigia wangu."

Ndiyo yaliyokuwa maneno yetu ya mwisho.

Mchana, wakati wa kupumzika, moyo uliniambia nende nikamtazame. Msimamizi akasema lori halirudi mpaka kabichi zijae. Nikangoja. Jua la kuno huzama mapema, na tuliporudi lilikuwa bado linaonekana kidogo. Nikaona dirisha limefungwa. Alilifunga mwenyewe, na upenyo wa chini kauziba kwa kikoi chake. Simlaumu. Ungekuwa na homa ndani ya baridi ile, nawe ungefunga.

Nikafungua mlango, joto likanipiga usoni. Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Uso wake mwekundu, umenawiri, nikasema moyoni alhamdulillahi, homa imemtoka. Nikamwita. Nikamshika bega.

Nilimburuta nje kwenye majani, Mama, nikapiga kelele kwa Kipemba, na Marek akaja mbio na soksi. Alimpulizia pumzi mdomoni, akamkandamiza kifua, mzee wa watu, mpaka jasho linamtoka kwenye baridi ile. Gari la hospitali likaja. Wakamfunika. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Askari walikuja, na mafundi wa serikali. Wakaufungua mtambo, wakaitoa ile tepu, wakakuta chini yake bomba lina ufa. Waliniuliza kwa nini hatukuwa na king'ora cha kutuonya moshi ule. Nikawaambia sikujua kama duniani kuna king'ora cha namna hiyo. Waliniuliza nani aliuwasha mtambo, nikawajibu. Wakaandika, wakasema si kosa langu. Mwenye shamba na fundi wake wako mikononi mwa sheria, na yatakayokuja Mungu ndiye ajuaye. Mimi maneno yale, si kosa lako, nayasikia kama mtu anayesema na mwengine nyuma yangu.

Hospitali walikaa naye siku kadhaa, kisha wakampeleka msikitini mjini. Hana ndugu hapa, imamu akauliza nani wake. Nikasema ni mimi. Nilimwosha pamoja na imamu na mzee mmoja wa Kisomali. Nilimwagia maji, nilimfunga sanda, niliingia kaburini nikampokea. Hayo yaliyosemwa barazani, aliyeyasema mwambie aje ayaseme mbele yangu.

Baadaye nikampigia Bi Time. Sikujua nitasema nini. Akapokea mwenyewe, nikajitaja. Nikampa mkono wa pole. Akaniuliza jambo moja tu.

"Salim, maji mliyomwoshea yalikuwa na moto?"

Nikamwambia, "Ya vuguvugu, Bi Time. Niliyajaribu kwa mkono wangu kwanza."

Akasema, "Alikuwa hawezi baridi yule. Hata mvua za vuli zikimfika alikuwa akitetemeka." Kisha akalia, na mimi nikalia, simu iko baina yetu. Alipotulia akaniuliza, "Mamaako hajambo?"

"Hajambo."

"Hajaja," akasema. Akaniombea dua, akaweka simu.

Mama, sikumwambia nani aliyewasha. Mwanamke yule yu peke yake, mwanawe kafia kwenye nchi asiyoijua, nitamtilia neno lile sikioni kwa simu, kisha nimwache na kuta zake? Lakini kutomwambia nako siwezi. Siku moja atasikia kwa mtu mwengine, na mtu huyo atalitia chumvi yake, na hapo uvumi utakuwa kweli.

Kwa hiyo nakuomba jambo zito, wala sijui nani mwengine ningemwomba. Nenda kwa Bi Time. Najua kilichopo baina ya nyumba zetu. Najua dukani kwao hatukanyagi, na harusi zao hatuli. Nakumbuka bibi alipofariki, watu wao hawakuja kuchukua jeneza, akaja yeye peke yake, akasimama uwanjani na kanga yake kichwani, na hakuna aliyemwambia karibu. Mimi pia nilikuwa nimesimama hapo, na sikusema. Wewe ulikuwa na maiti ya mamaako ndani, sikulaumu. Lakini nenda.

Usende na watu. Usingoje ruhusa ya wenye baraza. Usikae ukumbini kama mgeni. Pita mpaka ndani alipo, keti chini naye. Mpe mkono wa msiba. Kisha mwambie yote, kama nilivyoyaandika: kwamba homa ilimshika, kwamba aliniomba, kwamba niliwasha mimi, kwamba nilifungua dirisha. Usinitetee. Ukishasema nyamaza, mwache afanye atakavyo. Akikutoa, toka. Kesho yake rudi.

Mpe na kikoi cha Hamad. Nimekifua, kimo ndani ya bahasha ya kaki pamoja na barua hii.

Salamu zangu kwa kaka mkubwa na mkewe, na wanawe. Shangazi wa Gando mwambie dua zake nazipata. Msalimie maalimu aliyetusomesha, mimi na Hamad, na umwombe amsomee mwanafunzi wake khitma, asiulize ni ya chama gani. Baba mdogo naye msalimie. Aliyosema barazani, kwamba afadhali wamepungua mmoja, yamenifikia. Mwambie aliyepungua nilimfunga sanda mimi.

Kwangu usiwe na wasiwasi wa baridi. Nimetoka shambani, nakaa mjini kwenye nyumba ya matofali pamoja na Wasomali watatu, na joto linatoka ukutani lenyewe. Wenzangu wananigombeza kwa sababu nalala na dirisha wazi.

Niombee, Mama, na umwombee yeye kabla yangu.

Ni mimi mwanao uliyemzaa,
Salim